Mapigo ya Kuazima

Mwajabu Shemweta alikuwa na miaka kumi na sita, na mkono wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mkanda wa presha wa watu wazima ulimzunguka karibu mara mbili. Jumatatu ile nilimfunga wa watoto.

"Shikamoo, Mama Nesi."

"Marahaba. Kaa wima, miguu chini, usiseme kitu."

"Hata kupumua?"

"Pumua kwa adabu."

Alicheka kimyakimya mpaka mabega yakatikisika, ikabidi nisubiri atulie. Mkanda ukajaa, ukalegea. Mia moja sabini na nne kwa mia moja kumi na sita. Nikahamia mkono wa pili, namba ikapanda kidogo. Nimeona wazee wakiingia hapa kwa kubebwa wakiwa na presha ndogo kuliko hiyo, na huyu alikuwa amepanda mlima kutoka Kwemashuke kwa miguu yake, begi la shule mgongoni na glovu za kudakia mpira zinaning'inia pembeni.

"Bado unadaka?"

"Jumamosi tu. Kipa hakimbii, Mama Nesi. Kipa anasimama."

"Na ulipoanguka darasani wiki iliyopita, ulikuwa unadaka nini?"

Akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Mwajabu si mtoto wa kudanganya. Akishindwa kusema kweli anatafuta kazi ya mikono.

Daktari Elinami aliingia akiwa na uso wa mtu aliyepata barua nzuri. Ni Mpare mrefu, mpole, mwandishi wa kila kitu. Mvua ikinyesha anaiandika. Alisema lori limefika na mtambo wa Marejeo umeshashushwa. Ungekaa kwetu mpaka Ijumaa, kisha uendelee na mzunguko wa hospitali nyingine na kurudi baada ya mwaka mzima. Mwajabu angekuwa wa kwanza. Alhamisi.

"Nikitoka hapo nitadaka siku zote?" Mwajabu aliuliza.

"Ukitoka hapo," Daktari akamjibu, "mishipa yako itakuwa kama ulivyozaliwa nayo."

Nilifurahi. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine yote. Kwa miezi mingi nilikuwa nikimpima mtoto yule na kurudi nyumbani nikiwa siwezi kula, na Jumatatu ile, kwa muda wa saa tatu hivi, nilifurahi kabisa.

*

Mchana nilipitia chumba cha mbeleko. Hivyo ndivyo watu wa huku walivyouita ule mfuko wa kukuzia watoto njiti tangu siku ya kwanza walipouona, na jina la kiwandani halikupata nafasi. Mifuko sita ilikuwa na watoto. Kila mtoto njiti alikuwa ndani ya maji ya uvuguvugu, macho yamefumbwa, kitovu kimeunganishwa na bomba linalofanya kazi ya kondo la nyuma. Mdogo kuliko wote alikuwa mtoto wa Bi Saumu, wiki ishirini na tatu, mwenye vidole kama punje za mchele. Mbeleko haihamishiki. Mtoto wa umri ule akitolewa humo ana saa moja, labda mbili.

Kisha nikaenda kujaribu masikio mapya yaliyokuja na mtambo. Sikio ni kitufe laini kinachobandikwa chini ya ziwa la kushoto. Linasikiliza jinsi damu inavyosukumwa: pigo linavyopanda, linavyofika juu, linavyoshuka. Halisomi namba ya presha, linasoma umbo la pigo, na kila moyo una umbo lake kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Kifaa kipya hujaribiwa kwa mwili ulio karibu. Nikafungua vifungo viwili vya gauni, nikabandika.

Mtambo ukawaka. MAMA AMETAMBULIWA, ukaandika. MTOTO: MWAJABU SHEMWETA.

Nikadhani umekwama kwenye faili la Alhamisi. Nikabandua, nikapangusa, nikabandika tena. MAMA AMETAMBULIWA. MTOTO: MWAJABU SHEMWETA. MTOTO: HATIBU SHEKIONDO. MTOTO: ZAINA MAHIMBO. Majina yakaendelea kushuka kwenye kioo, na yote niliyajua, na nyuso zao nilizijua. Yalipokoma nikayahesabu. Arobaini na moja.

Mimi sijawahi kuzaa.

Waliobuni mbeleko walikuwa watu wenye akili nyingi, ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa arobaini. Mpango wao ulikuwa kwamba mtoto awe ndani ya mfuko na mama alale kitanda cha jirani, sikio kifuani, kwa wiki kumi au kumi na mbili. Bomba lingefuata moyo wa mama, likienda haraka anapokwenda haraka na kutulia anapolala, na mishipa ya mtoto ingejifunza kwake kama bado yuko tumboni. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na picha ya mama amelala anasoma gazeti, anatabasamu.

Huku kwetu milimani, mwanamke akishajifungua, hata kama alichojifungua kinatoshea kiganjani, ni mzazi. Na mzazi ana arobaini yake. Mama yake anakuja na shangazi zake, wanamfunika mashuka, wanampeleka nyumbani akakandwe maji moto na kunywa uji wa pilipili manga, na hatoki nje mpaka siku ziishe. Niliwaambia mtoto anahitaji moyo wa mama yake. Wakaniambia huyu akipigwa na baridi sasa hivi mtazika wawili. Walikuwa wamezika wanawake wa kutosha kujua wanachosema, nami sikuwapinga, kwa sababu ni mtoto wa hukuhuku na mama yangu alinilea hivyohivyo.

Wa kwanza niliyemshikia nafasi alikuwa Bi Riziki, mama yake Mwajabu. Walipomchukua, sikio lilibaki mezani. Bomba lisilo na sikio lilikwenda kwa mwendo wa kiwandani, na wakati ule mwendo wa kiwandani ulikuwa umeshaua watoto wawili mbele yangu. Basi nikalivaa mimi. Mama akikosa maziwa jirani humpa mtoto ziwa, na sijasikia hata siku moja kwamba jambo hilo huandikwa mahali. Kwenye Daftari la kitengo, palipotakiwa jina la mama, niliacha jina la mama.

Baada ya Mwajabu wakaja wengine. Kuna miezi nilivaa masikio saba kwa pamoja chini ya gauni, wala hakuna aliyeyaona. Nikipanda ngazi, mabomba saba yalienda mbio. Nikigombana na mtu wa stoo, watoto saba waligombana naye pamoja nami. Hata walipotimiza arobaini na kurudi, wengi wa akina mama walikuta mtoto ameshazoea, nami sikuona sababu ya kumsumbua. Miaka mitano iliyopita yakaja mabomba mapya yasiyohitaji sikio, nikapumzika. Nilijiona mtu wa maana sana. Watoto wale walitoka hai wote.

Nikiwa bado na sikio kifuani nilichukua mkanda wa presha. Miaka ishirini na minane nimeufunga kwenye mikono ya watu na sikuwahi kuufunga kwenye wangu. Kichwa kikiuma nilikunywa chai. Mkanda ukajaa, ukalegea: mia moja themanini na nane kwa mia moja kumi na nane. Presha ya namna hiyo haianzi jana. Nilikumbuka jinsi kichwa kilivyokuwa kikiniuma enzi za masikio saba, na jinsi nilivyosema ni uchovu.

Tulijua siku nyingi kwamba njiti hukua na presha. Figo huendelea kujenga vichujio vyake karibu mpaka mwisho wa mimba. Mtoto akiwahi kutoka, vichujio vinabaki vichache, na vichache hivyo hubeba kazi ya vingi mpaka vichoke. Moyo nao, unaposukuma mzigo kabla ya wakati wake, hujenga kuta nene na kubana nafasi ya ndani. Kwa hiyo watoto wa mbeleko walipofika darasa la nne na namba zikaanza kupanda, Daktari alisema ni unjiti, nami nikaitikia. Sasa sitajua kamwe ni kiasi gani kilikuwa unjiti na kiasi gani kilikuwa mimi, Hidaya Shechambo.

Lakini jambo moja nililijua. Marejeo hufungwa shingoni na mapajani kwa saa sita, yanailegeza mishipa iliyokakamaa na kuirudisha kwenye umbo lake la kwanza. Umbo hilo huchukuliwa kwenye Daftari, ambako sikio liliyaandika mapigo ya mama siku zote za mbeleko. Mtambo hauulizi kama lilikuwa zuri, unamwamini mama. Ukimaliza, mishipa inashika hapohapo, na hakuna mara ya pili. Alhamisi wangemchukua Mwajabu na kumrudisha kwenye ugonjwa wangu, akae humo mpaka umuue.

*

Jumanne asubuhi nilimkuta Daktari Elinami anaandika.

"Daktari, ikitokea Daftari la kitengo lina kosa, inakuwaje?"

"Kosa la namna gani?"

"Nauliza tu. Tuseme jina la mama si sahihi."

Aliweka kalamu chini. Kwa Daktari hilo ni sawa na mtu mwingine kusimama na kufunga mlango.

"Tangu yale ya hospitali ya bondeni hakuna kosa dogo, dada Hidaya. Unakumbuka. Walibuni majina na vipimo, wakapoteza watoto thelathini, na hakuna aliyejua mpaka mwaka ulipokwisha. Ndiyo maana sasa mabomba yanaomba kibali kwenye Daftari kila baada ya saa sita. Daftari likitiliwa shaka, kibali hakitoki. Mabomba yanasimama."

"Na watoto waliomo?"

"Unaandika ombi la huruma."

"Linajibiwa lini?"

"Ndani ya siku saba za kazi."

Nilitazama ukuta uliokuwa kati yetu na chumba cha mbeleko. Mabomba husikika kupitia ukuta ule, ukiwa umezoea.

"Basi Mwajabu aahirishwe," nikasema. "Hali yake siyo nzuri. Tumngoje kidogo."

"Hali yake siyo nzuri ndiyo maana hatungoji. Figo zimebaki theluthi. Vidonge havimshiki tena. Mtambo unaondoka Ijumaa, unarudi mwakani. Mwakani tutamkuta?" Akaichukua tena kalamu. "Unanifahamu. Nikijua jambo, nitaliandika. Kwa hiyo usiniambie kitu ambacho hutaki kiandikwe."

Aliyasema kwa upole, na nadhani alidhani ananisaidia. Nilitoka nikakaa chooni kwa nusu saa nikifanya hesabu ambayo mtu hapaswi kuifanya: mtoto mmoja ninayempenda, wengine arobaini wanaomfuata kwenye foleni, na sita ambao hawajafumbua macho. Niliigeuza kila upande na kila upande ilikuwa na maiti.

*

Jumatano nikashuka Kwemashuke. Nilishaamua, au nilijiambia nimeamua. Ningemwambia Bi Riziki peke yake, akatae matibabu kwa kinywa chake mwenyewe. Mzazi ana haki ya kukataa bila kutoa sababu, na Daftari lisingeguswa. Baadaye ningetafuta njia kwa wale wengine. Ulikuwa mpango wa mtu mwoga, ila ulikuwa mpango.

Bi Riziki alikuwa barazani anachambua maharage. Baba yake Mwajabu alikuwa ameshuka sokoni na kabichi. Bi Riziki mwenyewe alinisalimia, akanivutia kigoda, akaninawisha, akaniletea chai kabla sijasema kilichonileta.

"Bi Riziki, Mwajabu alipokuwa kwenye mbeleko, wewe ulikuja kuchukuliwa."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Mama alikuja na dada zake," alisema. "Nilikuwa na homa. Nilimwambia nataka kubaki, sijui kama nilisema kwa sauti."

"Lile sikio. La moyo. Baada ya wewe kuondoka nililivaa mimi. Wiki zote kumi na tatu. Mwajabu alikua kwa mapigo yangu."

Alinitazama bila kupepesa. Nilijiandaa kwa lolote. Nilijiandaa kutukanwa. Kilichotoka ni kilio cha ajabu, cha chini, kama mtu anayetua mzigo kichwani, na kabla sijajua la kufanya alikuwa amepiga magoti mbele yangu, amenishika mikono yote miwili, maharage yamemwagika sakafuni.

"Kumbe kulikuwa na mtu," alisema. "Dada, kumbe hakuwa peke yake! Miaka kumi na sita wifi zangu wananiambia nilimwacha mtoto na mashine. Akianguka, nasema ni mimi. Akiumwa kichwa, nasema ni kwa sababu hakusikia moyo wa mtu. Kila swala namwomba Mungu anisamehe. Kumbe wewe ulikuwepo."

"Bi Riziki, kuna jambo la pili."

"Lipi, dada yangu?"

Uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu nimfahamu. Alionekana msichana. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo sentensi, niliibeba tangu mlimani, ilikuwa fupi na haikuwa ngumu kueleweka.

"Kesho mje mapema," nikasema.

Akanifungia embe sita na kuku.

*

Alhamisi walikuja saa mbili, wamevaa vizuri kama wanakwenda harusini. Mwajabu alipanda kitandani mwenyewe. Nikamfunga mshipi wa shingoni, nikamfunga ya mapajani, na vidole vyangu vilikuwa vya baridi, akaruka.

"Inauma?" aliniuliza.

"Haiumi."

"Saa sita bila kusogea! Hata goli lisilo na washambuliaji halichoshi hivyo."

Daktari aliuwasha mtambo. Ukishawaka unasikiliza kila kinachosemwa na sisi watumishi chumbani na kukipeleka kwenye Daftari, ndiyo sheria tangu yale ya bondeni. Kioo kikaandika: MAMA ATHIBITISHE. Nikalichukua sikio na kumpa Bi Riziki, kwa sababu sikuwa na akili ya kufanya kingine. Moyoni nilisema mtambo utamkataa, Daftari litatiliwa shaka, na angalau siyo mimi nitakayekuwa nimesema. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefika chini.

Bi Riziki alilishika, akaligeuza, akatabasamu. Kisha akanirudishia mbele ya Daktari.

"Hili si langu," alisema. "Mimi nilizaa. Moyo ni wa dada Hidaya. Vaa, dada."

Daktari Elinami alielewa. Nilimwona akielewa, macho yake yalitoka kwenye sikio yakaja usoni kwangu, yakaenda kwenye ule ukuta, yakarudi. Kalamu ilikuwa mkononi. Halafu mtu yule, ambaye nimefanya naye kazi miaka kumi na tatu na hajawahi kuniachia hata kosa la tarehe, alitugeuzia mgongo, akavua miwani, akaanza kuifuta. Ilikuwa safi. Aliendelea kuifuta akitazama dirishani. Alikuwa ananipa nafasi. Nivae, mtambo unikubali, aandike kwamba mama amethibitisha, na sita waendelee kuishi. Alidhani kosa langu lilikuwa jina tu.

"Vaa tu, Mama Nesi," Mwajabu alisema kutoka kitandani. "Mimi nilijua siku zote nina sura ya kinesi."

Nilifungua kifungo cha kwanza cha gauni. Sitajisingizia ushujaa, nilikifungua, na cha pili nikakishika. Kisha nikamtazama. Mshipa wa shingoni mwake ulikuwa unagonga kwenye ule mshipi wa mtambo, kwa nguvu, kwa umbo ninalolijua kuliko ninavyojua sauti yangu.

"Zima, Daktari," nikasema. "Moyo wangu ni mgonjwa. Una presha, na ulikuwa nayo wakati ule. Mkimrudisha kwenye mapigo haya mtamuua. Na siyo yeye peke yake. Ni wote arobaini na mmoja."

Daktari alivaa miwani yake. Alikuja, akanikalisha, akanifunga mkanda mwenyewe, akasoma, akafunga tena, akasoma. Kioo cha mtambo kilikuwa kimebadilika. DAFTARI LINATILIWA SHAKA. KITENGO KIMESIMAMISHWA. KIBALI CHA MABOMBA KINAISHA SAA TISA ALASIRI.

"Ulijua lini?" aliniuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, karibu na miguu ya Mwajabu. "Mtambo huu unaweza kujenga msingi mpya wa mapigo kutoka kwa mama mzazi. Msingi safi, wa Bi Riziki. Unahitaji kumsikiliza siku tatu tu." Akahesabu kwa vidole, polepole, na sidhani alikuwa na nia ya kunitesa, ni mazoea yake. "Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Leo angekuwa tayari. Kesho mtambo unaondoka, na baada ya haya hautamgusa mtoto yeyote wa hapa."

"Sikujua kwamba inawezekana."

"Hukuuliza."

Bi Riziki alikuwa amesimama katikati ya chumba na khanga yake mpya. Alichukua muda kulipanga lile jambo kichwani, nami niliona lilipokaa sawa.

"Jana ulikuwa kwangu," alisema. "Ulikunywa chai yangu."

Hilo tu. Alimfungua mwanawe mishipi yote, mmoja baada ya mwingine, akamshusha kitandani kana kwamba ni mtoto mchanga. Mwajabu alikuwa anakitazama kioo. Anasoma haraka; shuleni ni wa tatu.

"Mabomba ya nani?" aliniuliza.

"Kuna watoto ndani."

"Wangapi?"

"Sita."

"Wanasimamishwa kwa ajili yangu?"

"Siyo kwa ajili yako."

"Basi kwa ajili ya nani?"

Mama yake alimshika bega wakatoka.

*

Daktari aliandika ombi la huruma. Kisha akaandika la pili, kisha akapiga simu mahali, akapigiwa kinanda cha kusubiri, akakaa nacho sikioni. Ilikuwa saa tano na robo. Mimi nikachukua orodha ya wazazi.

Kuna jambo moja tu linalomtoa mzazi nje kabla ya arobaini yake, nalo ni siku ya kufunguliwa, ikiwahi kufika, mtoto anapokuwa amekomaa na mbeleko inafunguliwa. Siku hiyo hata wazee huruhusu. Huja ukoo mzima na khanga mpya na mafuta ya nazi, na wanaimba tangu chini ya mlima. Na sisi tuna namna moja ya kuwaita, ni ileile miaka yote. Nilimpigia Bi Saumu. Ilikuwa siku yake ya kumi na moja ya arobaini.

"Mtoto anafunguliwa leo," nikasema, kwa kuwa ndivyo isemwavyo. Nilikuwa na maneno mengine ya kufuatia. Lakini simu ilishapokonywa na mama yake, nikasikia kigelegele, kisha nyumba nzima ikaitikia, kisha ikakatika.

Ningeweza kupiga tena. Nilikaa na simu mkononi nikawaza kwamba nikiwaambia kweli watalia kwanza, watabishana, watamzuia mzazi asitoke na homa, na saa tisa itawapitia njiani. Hivi wangekuja mbio. Wangemkuta yuko hai, ana joto, wangemshika. Nikapiga ya pili, nikasema vilevile. Ya tatu pia. Mpaka ya sita nilikuwa nimeshajua vizuri ninachokifanya, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Saa nane kasorobo tukaanza kuwasikia. Daktari aliweka simu chini, kinanda kikiendelea kulia ndani yake. Vigelegele vilikuwa vinapanda mlima kutoka pande mbili, vya Kwemashuke na vya ng'ambo ya mto, vikakutana kwenye kona ya lango, vikawa kimoja.

Niliosha mikono, nikaenda kufungua mlango. Bi Saumu alikuwa mbele ya wote, amefunikwa mashuka mawili, uso umevimba kwa uzazi, anacheka na kuhema.

"Mbona mapema hivi, Mama Nesi?" alisema. "Watu walisema mpaka mwezi wa kumi. Amefanana na nani?"

Nikamshika mkono nikampeleka kwake, maana ilikuwa imebaki saa moja.